Bw., Bi. au Jina Tupu: Lakabu ya Heshima ya Kijana katika Fomu

Lakabu ya heshima ni neno fupi linalowekwa mbele ya jina la mtu kabla hajaulizwa jambo jengine lolote. Katika fomu za Unguja, iwe ya kuombea cheti, ya kujiunga na skuli, ya kufungulia akaunti ya benki au ya kadi ya hospitali, neno hilo huja kwa vifupisho: Bw., Bi., Bibi, Ndg. Mtu mzima hulipita bila ya kusita. Kijana wa miaka 14 au 16 husita, na karani aliye mbele yake husita pia, kwa sababu vifupisho hivyo vinamfikiria mtu mwenye kazi, mwenye nyumba, aliyekwisha kuoa au kuolewa. Mtoto mchanga hana tabu. Mzazi ndiye anayemjazia. Tabu iko kwa yule ambaye amekwisha kushika kalamu mwenyewe lakini sheria bado inamwita mtoto.

Suali linaonekana dogo. Ndani yake, hata hivyo, limo suali kongwe la maadili: heshima ni ushahidi wa kile ambacho mtu amekwisha kuwa, au ni haki anayopewa kabla hajathibitisha chochote? Ikiwa ni ushahidi, kijana asubiri. Ikiwa ni haki, hakuna cha kusubiri, na fomu inayomruka kijana inamnyima kilicho chake.

Kwa Waislamu wa Unguja, ambao wengi wao ni wafuasi wa madhehebu ya Shafi na wengine Ibadhi, utu uzima haufiki kwa siku moja. Kwenye miaka saba mtoto huhesabiwa kuwa anapambanua mambo, na hapo ndipo mzazi hutakiwa aanze kumwamrisha sala. Kubaleghe humfanya abebe amali zake mwenyewe: sala, saumu na dhambi huandikwa kwake, si kwa baba yake. Dalili za mwili zisipoonekana, Mashafi hukata kwa miaka 15 ya Hijria, wakitegemea hadithi ya Ibn Umar, aliyerudishwa katika vita vya Uhud akiwa na miaka 14 na akakubaliwa katika vita vya Khandaq akiwa na 15. Mwaka wa mwezi mwandamo una siku 354 au 355, kwa hivyo miaka hiyo 15 ni sawa na miaka 14 na miezi sita na ushei kwa kalenda ya ofisini. Baada ya kubaleghe kuna kituo kingine, rushdi, yaani ukomavu wa akili wa kuendesha mali. Aya ya 6 ya Sura ya An-Nisaa inaagiza mayatima wajaribiwe mpaka wafikie umri wa kuoa, na wakionekana kuwa na busara ndipo wakabidhiwe mali zao. Mwili kukua ni jambo moja, akili kukomaa ni jengine. Imamu Abu Hanifa aliona kwamba asiyeonesha busara azuiliwe mali yake hadi atimize miaka 25.

Sheria ya nchi imechagua mpaka mmoja ulio rahisi kuuhesabu. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya mwaka 2011, inamtambua mtoto kuwa ni aliye chini ya miaka 18, na Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi hutolewa kwa aliyetimiza umri huo. Kijana wa miaka 15 wa Malindi au Makunduchi basi anaishi katika hesabu mbili kwa wakati mmoja. Mbele ya Mola wake amekwisha kuwa mkubwa. Akila mchana wa Ramadhani bila ya udhuru, kosa ni lake. Mbele ya dirisha la ofisi bado ni mtoto, na huambiwa aje na mzazi. Hesabu hizi mbili hazigombani, maana moja inapima wajibu na nyengine inapima ulinzi. Lakabu ya heshima haipimi lolote kati ya hayo mawili. Makosa mengi katika jambo hili yanatokana na kuibebesha kazi ambayo si yake.

Kazi yake inaonekana vizuri zaidi ndani ya nyumba kuliko ofisini. Aya za 58 na 59 za Sura ya An-Nur zinahusu hodi. Watoto ambao hawajabaleghe wanatakiwa waombe ruhusa ya kuingia nyakati tatu tu za faragha: kabla ya sala ya alfajiri, wakati wa kujipumzisha adhuhuri, na baada ya sala ya isha. Wakishabaleghe, waombe ruhusa kila wakati, kama waliowatangulia. Yaani mtu anayetoka utotoni anatakiwa adabu ya mkubwa tangu siku hiyo, pasi na kusubiriwa apate kazi wala mke. Na adabu katika pwani hii ina kwenda na kurudi: anayetoa shikamoo hujibiwa marahaba, na mkubwa asiyejibu huhesabiwa kuwa yeye ndiye aliyekosa adabu. Ikiwa kijana anatakiwa adabu ya mtu mzima, ni vigumu kuona kwa nini anyimwe neno la mtu mzima.

Mwenendo wa Mtume Muhammad unaelekea huko huko, tena kwa watoto wadogo zaidi ya hao. Ndugu yake Anas bin Malik, mtoto aliyekuwa na kindege cha kuchezea, aliitwa na Mtume kwa jina la Abu Umair, yaani Baba Umair. Kuitwa baba wa fulani kwa Waarabu ni heshima ya mtu mzima, na huyu alikuwa bado mtoto wa kuchezea ndege. Wanazuoni waliichukua hadithi hiyo kuwa dalili kwamba kumpa mtoto jina la heshima la wakubwa si uongo. Hadithi nyengine inaeleza kwamba Mtume aliletewa kinywaji, kuliani kwake akiwa ameketi kijana na kushotoni wazee. Zamu ilikuwa ya kulia. Mtume alimwomba kijana ruhusa ya kuwatanguliza wazee. Kijana akakataa kuliachia fungu lake, na Mtume akampa yeye. Wazee waliheshimiwa kwa kuombewa, na kijana aliheshimiwa kwa kuombwa. Aliyeombwa ruhusa ni mtu kamili katika majlisi, hata kama ndevu hazijamwota.

Kiswahili cha Unguja hakikosi maneno ya umri huu. Kigori ni msichana anayekaribia kuvunja ungo. Mwari ni aliyekwisha kuvunja ungo na kufundwa. Barobaro ni mvulana aliyechanua. Lakini kigori na mwari hayafai kabisa katika karatasi ya ofisi, na sababu yake inastahili kuelezwa vizuri. Yanataja mwili. Katika mila za Unguja, habari ya msichana kuvunja ungo ilikuwa ya wanawake: somo wake, yaani mwanamke wa kumfunda, aliambiwa, msichana akafundwa faraghani, unyago ukachezwa bila ya wanaume, na wanaume wa nyumba hiyo hiyo hawakuelezwa yaliyosemwa humo. Jamii ilimpandisha daraja bila ya kumtangaza. Fomu haiwezi kufanya hivyo. Husomwa na karani, hupigwa kopi, huwekwa ndani ya faili ambalo watu wasiojulikana watalifungua. Lakabu yoyote inayomhamisha msichana kutoka neno moja hadi jengine kwa sababu ya mwili wake inamvunjia sitara, hata likiwa neno zuri kiasi gani.

Binti nalo lina kasoro yake. Ni neno tamu, na wapo wanaoliona kuwa ndilo linalomfaa msichana asiyeolewa. Lakini binti ni neno la nasaba. Katika jina kamili, fulani binti fulani, liko mahali pake na linafuata agizo la aya ya 5 ya Sura ya Al-Ahzab la kuwanasibisha watu na baba zao. Likitangulizwa mbele ya jina peke yake, linamtaja msichana kwa kuwa ni wa mtu, na mvulana wa umri wake hana neno la namna hiyo. Hakuna fomu inayoandika Bin mbele ya jina la kijana wa kiume.

Yanabaki Bwana na Bi. Bwana ni neno lenye upana wa ajabu. Waislamu wa Unguja humwita Mtume kwa kusema Bwana Mtume, na Wakristo wa kanisa la Mkunazini, lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, humwita Yesu Bwana. Neno hilo hilo ni la mume wa mtu, la harusi, na la mvulana anayetumwa dukani: Bwana mdogo, njoo. Neno linaloweza kubeba hayo yote haliwezi kuwa cheti cha umri. Bi nalo hutumika kwa bibi harusi wa leo na kwa kizee mwenye vitukuu, kwa mwenye mume na asiye naye. Msanii Fatuma binti Baraka, aliyefariki mwaka 2013, alijulikana ulimwengu mzima kwa jina la Bi Kidude, na kidude ni kitu kidogo. Heshima na udogo vimekaa katika jina moja bila ya kusukumana. Tahadhari moja tu: Bi mdogo halifanani na Bwana mdogo. Kwa watu wa pwani, bi mdogo ni mke wa pili, na karani anayedhani amepata neno la upole la kumwitia msichana wa skuli anaweza kumtia fedheha mbele za watu.

Neno la kale zaidi la pwani linaonesha kuwa jambo hili si geni. Mwana ni mtoto, na mwana pia ni lakabu ya bibi mwungwana. Mwana Kupona binti Msham, mke wa Bwana Mataka wa Siu, alipomtungia binti yake utenzi mwaka 1858, binti huyo, aliyekuwa kijana wakati huo, naye aliitwa Mwana Hashima. Mama na binti walibeba lakabu moja. Katika Unguja ya leo lakabu hiyo imeganda ndani ya majina: Mwanakhamis, Mwanajuma, Mwanaidi. Wapo wasichana wanaoitwa Bimkubwa tangu siku ya kutolewa nje, na wavulana wanaoitwa Haji ambao hawajaiona Makka, na wengine wanaoitwa Mzee wakiwa bado hawajaota meno. Hakuna anayemtuhumu mzazi kwa uongo. Kila mmoja anaelewa kuwa jina ni dua: mtoto anaitwa kwa kile anachoombewa akifikie.

Hapa ndipo jibu la suali la maadili linapopatikana, na ni jibu ambalo pwani ilikuwa nalo kabla ya kuletewa fomu. Heshima hutangulia. Haimsubiri mtu afike ndipo imlaki.

Historia ya visiwa hivi inaonesha pia uchungu wa kunyimwa. Mwimbaji mkubwa wa taarab, Siti binti Saad, alizaliwa Fumba mnamo mwaka 1880 na kupewa jina la Mtumwa. Utumwa uliondolewa kisheria Unguja mwaka 1897. Alipohamia mjini na sauti yake ikajulikana, akaitwa Siti, neno la Kiarabu lenye maana ya bibi mwenye heshima, na kwa jina hilo alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Alikufa mwaka 1950, na jina la kuzaliwa limebaki kuwa habari ya vitabuni. Maisha yake yamo ndani ya umbali wa maneno mawili, Mtumwa na Siti. Katika enzi hiyo hiyo ya ulinzi wa Kiingereza, iliyoanza mwaka 1890 na kumalizika 1963, wanaume wazima waliofanya kazi za nyumbani kwa Wazungu katika Afrika ya Mashariki waliitwa boi, neno la mtoto, hata wakiwa na wajukuu. Kumwita mkubwa kwa neno la mtoto kulikuwa tusi. Kumwita kijana kwa neno la mkubwa hakujamdhuru mtu.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 neno Ndugu lilipewa nguvu katika mikutano na karatasi za serikali na chama. Kwa ufundi wa lugha, ni neno linalomfaa kijana pasi na taabu: halitaji jinsia, wala umri, wala ndoa. Lina mizizi ya dini pia, maana Sura ya Al-Hujurat, aya ya 10, inawataja waumini kuwa ni ndugu. Udhaifu wake ni kwamba masikioni mwa watu wengi bado lina sauti ya jukwaa la siasa, na msichana wa miaka 15 akiandikiwa Ndg. huenda akahisi ameandikiwa barua ya mkutano. Ofisi inayotaka neno moja kwa wote haitakosea ikilitumia.

Mkanganyiko uliobaki unatoka katika muundo wa fomu zenyewe, ambao ni wa kigeni. Kiingereza huweka lakabu mbele ya jina la ukoo, na mwanamke akiolewa jina hilo hubadilika pamoja na lakabu yake. Mzanzibari kwa kawaida hana jina la ukoo la namna hiyo. Ana jina lake, la baba yake na la babu yake, na mwanamke akiolewa haachi jina la baba yake kwa la mumewe. Lakabu yake hukaa juu ya jina lake mwenyewe alilopewa na wazazi. Kwa hivyo kutenganisha Bi. na Bibi kwa kigezo cha ndoa ni kuazima tafauti isiyo na mahali pa kukaa. Tafauti hiyo ina madhara kwa vijana hasa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haitumiki Zanzibar, na ndoa za Waislamu huendeshwa kwa sheria ya Kiislamu, na mashauri yake husikilizwa na mahakama za kadhi. Msichana wa miaka 17 aliyeolewa, mwenzake ambaye hajaolewa, na wa tatu aliyekwisha kuachwa, wakisimama kwenye dirisha moja la hospitali, fomu yenye Bi. na Bibi inawalazimisha watoe habari zao za ndani kabla ya kueleza maradhi yao. Ufaransa iliondoa neno Mademoiselle katika fomu za serikali mwaka 2012 kwa sababu hiyo hiyo. Unguja haihitaji kwenda mbali hivyo kutafuta mfano. Inatosha irejee kwenye Bi ya mitaani kwake.

Pingamizi zipo, na mbili ni nzito. Ya kwanza ni ya walimu wa adabu: kijana akiitwa Bwana kabla ya wakati atavimba kichwa. Hofu hiyo ina msingi pale lakabu inapotumika kumsifu mtu usoni, jambo ambalo dini imelitahadharisha. Lakini Bw. katika fomu haimsifu mtu. Inamweka sawa na kila aliyesimama katika foleni, na kiburi huhitaji kuwa juu ya wengine.

Ya pili ni ya wanaolinda watoto, na inapaswa kusikilizwa kwa makini zaidi. Msichana wa miaka 15 akiandikwa Bi., polisi, daktari au hakimu anaweza kusahau kwamba aliye mbele yake ni mtoto anayestahiki ulinzi maalumu. Hilo ni kweli, na katika karatasi za Mahkama ya Watoto, za uchunguzi wa udhalilishaji na za ustawi wa jamii, neno mtoto halina budi kubaki. Huko si neno la kudogosha; ni ngao. Kwengineko kazi hiyo inafanywa na kisanduku cha tarehe ya kuzaliwa, ambacho kinasema umri kwa usahihi kuliko lakabu yoyote. Karani asiyekisoma hataokolewa na kifupisho.

Kwa hayo, uamuzi wa ofisini si mgumu. Fomu anayojaziwa mtoto na mzazi wake iandike jina lake tupu. Fomu anayojaza au kutia saini kijana mwenyewe imwandike Bw. au Bi., pasi na kuulizwa kama ameoa au ameolewa, na kisanduku cha Bibi kifutwe. Pale ambapo ofisi haitamwandikia barua mtu huyo wala kumwita kwa jina, lakabu haina kazi na iondolewe kabisa. Matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne ya Baraza la Mitihani la Tanzania hutangazwa kwa namba ya mtahiniwa na jinsi yake tu, na hakuna anayehisi kuvunjiwa heshima. Kijana akitaka aitwe vyengine, aulizwe, kama alivyoulizwa yule aliyeketi kuliani. Na atakapotimiza miaka 18 na kwenda kuchukua kitambulisho chake, lakabu yake itakuwa ile ile aliyokuwa nayo akiwa skuli.